Bima ndogo, moto na wizi au bima kubwa: ipi inafaa pikipiki kubwa ya kwanza?

Anayetoka kwenye Boxer kwenda kwenye Dominar, Himalayan au CB400 iliyotumika Japani huwa ameshapiga hesabu ya karibu kila kitu: bei, usajili, helmeti, hata mafuta ya kwenda Moshi na kurudi Arusha Jumapili. Bima anaiacha mwisho. Akifika kwa wakala, mfuko umebaki na chenji, na ndipo anaposikia, "Kaka, chukua ndogo tu, trafiki hana shida nayo."

Trafiki kweli hana shida nayo. Shida inaanza pikipiki ikilala chini. Boxer ikianguka, fundi wa Sakina anainyoosha mchana huohuo na spea ziko duka la jirani. Pikipiki ya cc 400 ikianguka, leva ya klachi inaagizwa Dar, au Nairobi, na tenki lililobonyea linaweza kusubiriwa miezi. Kwa hiyo swali la "bima ya bei nafuu" halijibiwi na tarakimu ya chini kwenye kotesheni, yaani makadirio ya bei unayopewa na kampuni. Linajibiwa na hasara ipi unaweza kuibeba mwenyewe bila kuuza kitu, na ipi huwezi. Ile usiyoweza ndiyo unayoinunulia bima.

Aina zenyewe ni tatu. Bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inawalipa wengine uliowadhuru. Wewe na pikipiki yako hampo. Bima ya moto na wizi ni ndogo iliyoongezewa mambo mawili kama jina linavyosema. Bima kubwa inabeba yote hayo pamoja na uharibifu wa pikipiki yako, hata kama kosa ni lako.

| Kilichotokea | Ndogo | Moto na wizi | Kubwa |
|---|---|---|---|
| Umemgonga mwenda kwa miguu Kwa Mrombo | Inalipa | Inalipa | Inalipa |
| Umevunja taa na bampa la Noah | Hadi kikomo cha mkataba | Hadi kikomo | Hadi kikomo |
| Imeibwa usiku nyumbani | Hapana | Inalipa | Inalipa |
| Imeungua | Hapana | Inalipa | Inalipa |
| Imelala kwenye kokoto: tenki, leva, saitimira | Hapana | Hapana | Inalipa, ukiondoa eksesi (sehemu unayobeba mwenyewe) |
| Umevunjika mguu | Hapana | Hapana | Hapana, au kidogo sana |
| Injini imekufa kwa kukosa oili | Hapana | Hapana | Hapana |

Mstari wa sita ndio wanaoushangaa wengi. Watu hulipa bima kubwa wakidhani "kubwa" inamaanisha na wao wenyewe wamo. Jina linahusu chombo. Mwili wako una bima yake, tutaifikia.

Bei inatoka wapi

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka viwango vya chini vya bima za vyombo vya moto, na kampuni hairuhusiwi kuuza chini yake. Matokeo yake ni kwamba bima ndogo ya pikipiki haina mnada wa maana. Kuzunguka kuanzia Mnara wa Saa hadi mwisho wa Barabara ya Sokoine kutafuta ya rahisi zaidi ni kuchosha soli. Ukikuta anayeuza ndogo kwa bei iliyo chini sana kuliko wengine wote, usifurahi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya stika isiyokuwepo kwenye mfumo.

Kubwa, na mara nyingi moto na wizi, huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya pikipiki, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu. Hapa kuna jambo ambalo wanaosoma mitandao ya nje hulikosea. Uingereza, kwa mfano, kampuni huangalia umri wako, unapoishi na ukubwa wa injini, ndiyo maana kijana wa kule anaambiwa aanze na cc ndogo ili bima ishuke. Hapa kinachopandisha bima kubwa kwanza ni thamani. DR650 ya zamani ya milioni 6 inaweza kukatiwa bima kwa bei ya chini kuliko cc 250 mpya ya milioni 10. Ukitaka kupunguza bima kwa kuchagua pikipiki, chagua ya thamani ndogo yenye spea zinazopatikana, si lazima yenye injini ndogo.

Umri na uzoefu hapa hujitokeza mahali pengine: kwenye eksesi. Hiyo ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Mikataba mingi huiongeza kwa dereva aliye chini ya miaka fulani, au ambaye leseni yake bado changa. Mwenye pikipiki kubwa ya kwanza mara nyingi huangukia humo humo, na wakala hataji mpaka aulizwe.

Tuweke kotesheni mbili mezani. Tarakimu ni za mfano, ili uone hesabu inavyokwenda; zako utazipata kwa maandishi. Pikipiki ina thamani ya shilingi 9,000,000.

Ya kwanza: asilimia 4. Ada ni 360,000, VAT 64,800, jumla 424,800. Eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 500,000.

Ya pili: asilimia 5. Ada ni 450,000, VAT 81,000, jumla 531,000. Eksesi ni asilimia 5 ya dai, isipungue 200,000.

Tofauti ya kulipia ni 106,200, na kwa haraka ya kwanza inashinda. Sasa iangushe pikipiki. Unageuza kwenye mteremko wa vumbi pale Ngaramtoni, mwendo wa kutembea, tairi la mbele linakanyaga kokoto, breki ya mbele imeshikwa usukani ukiwa umekunjwa. Karibu kilo 200 zinalala kushoto. Hukuumia, lakini leva ya klachi imekatika, saitimira imepasuka, indikata imening'inia kwa waya, tenki limebonyea ngumi moja na futiresti imepinda. Tuseme ukarabati ni 900,000. Kwenye mkataba wa kwanza asilimia 10 ni 90,000, lakini kiwango cha chini cha eksesi ni 500,000, kwa hiyo unalipwa 400,000. Kwenye wa pili unalipwa 700,000. Umeokoa 106,200 ukapoteza 300,000.

Hasara ikiwa 450,000, mkataba wa kwanza haulipi chochote. Wa pili unalipa 250,000. Ikiibwa nzima, wa kwanza unakukata 900,000 na wa pili 450,000.

Ule wa kwanza si mbaya kwa kila mtu. Gawanya 300,000 kwa 106,200 utapata karibu 2.8: dereva anayeanguka hivyo chini ya mara moja kwa miaka mitatu anafaidi nao. Ila anayehamia kwenye pikipiki kubwa kwa mara ya kwanza huangusha mapema, na huangusha hivi hivi, ikiwa imesimama au inageuza, kwa sababu mwili bado umezoea uzito wa Boxer. Mwaka wa kwanza chukua eksesi ndogo. Mwaka wa tatu badilisha.

Thamani: usidanganye juu wala chini

Kuna wanaoandika thamani kubwa wakitegemea ikiibwa watafaidi. Mkataba hulipa bei ya sokoni au thamani uliyoandika, ile iliyo ndogo. Pikipiki ya milioni 9 ukiiandika milioni 12, kwa asilimia 5 unaongeza 150,000 na VAT 27,000, jumla 177,000 za bure kila mwaka.

Wengine huandika milioni 6 ili kuokoa hizo hizo 177,000. Ikiibwa, unalipwa milioni 6 kutoa eksesi, na milioni 3 zimekwenda. Kibaya zaidi, baadhi ya mikataba ina kipengele cha uwiano: ukiwa umekatia theluthi mbili ya thamani, hata dai dogo hulipwa theluthi mbili. Zile 900,000 za Ngaramtoni zinageuka 600,000, halafu ndipo eksesi inakatwa. Uliza neno kwa neno, "Nikikata chini ya thamani, dai dogo nalo linapunguzwa?" Anayesita kujibu, mwombe mkataba usome mwenyewe.

Thamani sahihi ni ile ya kupata nyingine kama hiyo leo: bei ya sokoni, kodi zilizokwishalipwa na usajili vikiwa ndani. Kwa iliyotumika, kampuni nyingi hutaka kuikagua na kuipiga picha kabla ya kukata bima kubwa. Usiione kama usumbufu. Picha hizo ndizo zitakazokutetea mtu akija kusema mkwaruzo ulikuwepo. Piga na zako, pande zote nne, namba ya chasisi na dashibodi ikionyesha kilomita.

Vitu vya kuongeza, kama boksi za pembeni, vyuma vya kinga ya injini, taa za ziada, havimo mpaka viorodheshwe na bei zake. Helmeti, jaketi na buti havimo hata hivyo.

Bima nzima, dai likakataliwa

Mtu anaweza kulipa kubwa mwaka mzima na asiwe na bima. Sababu kubwa ni leseni. Daraja A1 ni la pikipiki zisizo na kigari zenye ujazo chini ya cc 125. Zaidi ya hapo ni daraja A. Wengi walioanza na pikipiki ndogo wana A1 na hawajawahi kuigeuza kadi kusoma. Dominar ina cc 373, CB400 ina 399, Himalayan ya kwanza ina 411. Ukiendesha yoyote kati ya hizo kwa A1, kampuni inaona dereva asiye na leseni ya chombo hicho. Kwa aliyegongwa, inaweza kulazimika kumlipa halafu ikakugeukia wewe kudai ilichotoa. Kwa pikipiki yako, haitoi kitu. Basi leseni kwanza, bima baadaye. Kinyume chake ni kuchoma hela.

Ya pili ni kadi ya pikipiki yenye jina la aliyekuuzia. Mauziano ya mkononi Kaskazini huishia kwenye karatasi ya makubaliano, na kadi inakaa miaka bila kubadilishwa TRA. Bima inamlipa mwenye maslahi kwenye mali. Ikiibwa, utaanza kumtafuta muuzaji aliyekwishahamia Geita aje kusaini. Hamisha umiliki kabla ya kukata kubwa. Bima ndogo inaweza kukatwa siku hizo chache kwa jina lililopo kwenye kadi, kubwa isikatwe hivyo.

Ya tatu ni matumizi. Bima ya binafsi haibebi biashara. Arusha kuna kishawishi chake: mgeni amemaliza safari ya mbuga, anaitaka pikipiki yako siku mbili aende Ziwa Duluti na Karatu, anakupa dola mkononi. Hiyo ni kukodisha. Akianguka, dai linafia hapo. Kupeleka vifurushi au kubeba abiria kwa nauli ni vilevile. Ukitaka kufanya hivyo, kata ya biashara tangu mwanzo.

Kuhusu unayempakia bure, mke, rafiki au shangazi wa kumpeleka kanisani, usidhani yumo kwenye bima ndogo kwa kuwa naye ni "mtu wa tatu". Mikataba inatofautiana kwa aliyekaa nyuma ya pikipiki ya binafsi. Taka iandikwe kwenye mkataba kwamba abiria yumo na kwa kikomo gani. Neno la wakala halitoshi.

Mengine ni ya kawaida: pombe, mashindano, ufunguo ulioachwa kwenye swichi wakati unanunua ndizi za kuchoma Tengeru. Tairi lililopasuka peke yake pia halilipwi.

Mwili wako

Hapa ndipo tunapotofautiana na ushauri wa "ukiweza, chukua kubwa". Kwa mwenye fedha za kuchagua kimoja tu juu ya bima ndogo, na pikipiki yake ni ya milioni 4 au 5, tungemwambia achukue bima ya ajali binafsi kabla ya bima kubwa. Pikipiki ya milioni 5 ikipotea, inauma lakini ina mwisho. Mguu uliovunjika vibaya kwenye barabara ya Moshi, na miezi minne bila kazi, hauna mwisho unaojulikana.

Bima ya ajali binafsi hulipa kifo, ulemavu wa kudumu, gharama za matibabu hadi kikomo, na nyingine hulipa kiasi kwa wiki ukiwa huwezi kufanya kazi. Ina mtego mmoja tu mkubwa, na ni mkubwa kweli: nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini, na kwenye orodha ya visivyolipwa kuna kuendesha au kupakiwa pikipiki, au pikipiki zaidi ya cc fulani. Kwako wewe mkataba wa namna hiyo ni karatasi. Kabla ya kulipa, waambie waandike aina ya pikipiki na cc zake kwenye mkataba wenyewe. Bima ya maisha ya kazini na ya mkopo nazo zikague kwa jicho hilohilo.

Ununue kwa nani

Wakala na broka huonekana sawa, kumbe kisheria hawasimami upande mmoja. Wakala anaiwakilisha kampuni; broka, au dalali wa bima, anakuwakilisha wewe mbele ya kampuni kadhaa. Kwa bima ndogo haina uzito: nunua kwa wakala yeyote aliyesajiliwa, au kwa simu, dakika kumi imekwisha. Kwa kubwa, broka ana faida mbili. Anakuletea kotesheni za kampuni tofauti bila wewe kuzunguka, na siku ya dai anajua nani wa kusukuma. Hulipi zaidi kwa kumtumia, kwa kawaida kamisheni yake inatoka kwa kampuni.

Benki nazo huuza bima, CRDB na NMB zikiwemo. Ni rahisi kama pikipiki umeikopea hapo, na kwa mkopo kubwa si hiari: benki itaitaka, na jina lake litaandikwa kama wa kwanza kulipwa. Ubaya wake ni kwamba karani wa benki anauza vitu ishirini. Maswali ya eksesi ya dereva mgeni na cc kwenye ajali binafsi hatakuwa nayo kichwani. Mwachie maswali kwa barua pepe, ajibu kwa maandishi.

Vyovyote utakavyonunua, hakiki kabla hujaondoka. Stika siku hizi ni ya kielektroniki. Ingia tiramis.tira.go.tz, weka namba ya usajili au ya stika, uone jina la kampuni, aina ya bima na tarehe. Isipoonekana, hujakatiwa bima, hata kama umeshika karatasi yenye muhuri. Soma pia aina: imetokea mtu akalipa kubwa na mfumo ukaonyesha ndogo. Kosa la kuandika au wizi, kulirekebisha ni siku hiyo ukiwa na risiti, si siku ya ajali. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha kwa malalamiko.

Malipo ya awamu usiyategemee. Sheria ya Bima ya 2009 inakwenda kwa lipa kwanza: bila ada, hakuna kinga. Na bima ya miezi michache haigawanywi sawasawa. Miezi mitatu hugharimu zaidi ya robo ya mwaka. Ukivunja mkataba katikati, kurudishiwa nako hufuata hesabu hiyohiyo.

Nani achukue ipi

Pikipiki ya chini ya milioni 5, iliyotumika, umelipa taslimu, unalala ndani ya geti: ndogo na ajali binafsi. Kiasi ulichookoa kwa kutokata kubwa kiweke kando kwa ajili ya leva na saitimira, maana utazihitaji. Kama unalala chumba cha kupanga Unga Ltd au Majengo na pikipiki inabaki nje kwenye korido, ongeza moto na wizi, pamoja na mnyororo mzito unaopita kwenye fremu, si kwenye rimu tu. Uliza kama kifaa cha GPS kinapunguza ada. Hata kisipopunguza, kiweke.

Kati ya milioni 5 na 8 ni pagumu. Angalia spea. Kama ni aina inayotembea kwa wingi mjini na mafundi wanaijua, moto na wizi inatosha. Kama kila kitu kinaagizwa, nenda kubwa.

Zaidi ya milioni 8, au ya mkopo, ni kubwa mwaka wa kwanza, eksesi ndogo, na ajali binafsi hata ya kiwango cha chini. Hapa kubana 100,000 ni kubana mahali pabaya.

Unayevuka mpaka Namanga au Holili, ongeza Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo. Kadi hiyo inabeba madhara kwa wengine upande wa Kenya na matibabu ya dharura hadi kikomo. Haibebi pikipiki yako. Kama una kubwa, omba ipanuliwe hadi Kenya kwa maandishi, vinginevyo ukivuka tu, kwa pikipiki yako umebaki na ndogo.

Siku ya ajali

Piga picha kabla chombo hakijasogezwa. Piga namba za vyombo vyote, alama za breki, hali ya barabara. Aliyeumia apate PF3 na hospitali. Toa taarifa polisi na kwa kampuni siku hiyohiyo. Kwa wizi chukua namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Utahitaji ripoti ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo, nakala ya leseni na kadi, na makadirio ya ukarabati. Usianze kutengeneza kabla mkadiria hasara hajaiona.

Kinachoharibu madai mengi ni huruma ya barabarani. Wazee wamekusanyika, mwenye Noah anapiga kelele, mtu anasema, "Kijana, kubali tu tumalizane hapa." Ukikubali kosa kwa mdomo au kwa karatasi, au ukilipa kidogo kisha uende bima, mkataba unakupinga: hukuruhusiwa kukubali kwa niaba ya kampuni. Pole unaweza kutoa. Mengine sema, "Mzee, tusubiri trafiki apime."

Kama pikipiki iko Dar

Zinazotoka Japani hushukia bandarini Dar, na wengi hupanda basi kwenda kuichukua na kurudi wakiiendesha wenyewe: zaidi ya kilomita 600, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, juu ya chombo ambacho hawajawahi kukigeuza hata kwenye uwanja wa mpira. Hakuna siku ya hatari zaidi katika mwaka mzima wa bima, na ndiyo siku ambayo wengi hawana bima, kwa sababu wamepanga kukata wakifika nyumbani.

Kinga inaanza tarehe na saa iliyoandikwa kwenye kava noti, yaani hati ya bima unayopewa, si saa uliyotuma hela. Kama namba ya usajili haijatoka, omba wakate kwa namba ya chasisi, halafu namba ya usajili, ile ya MC, ikitoka waingize kwenye mkataba. Soma chasisi tarakimu kwa tarakimu kwenye chuma chenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, kwenye dai hiyo ni pikipiki nyingine. Ukiamua ije kwa lori, bima yako kubwa kwa kawaida haihusiki na kilicho mgongoni mwa lori. Huko ni bima ya mzigo safarini, na msafirishaji ndiye wa kuulizwa anayo au hana. Ikishushwa Arusha au Moshi, ikague kabla hujasaini karatasi ya kupokea: rejeta, shokapu za mbele, na upande ule uliokuwa umefungwa kamba.